Mkwava, Mkwawa na jibu la "msimamo wa kimapinduzi"

Kama umesoma Kiswahili mpaka kidato cha nne, kuna jibu unalo kichwani hata usipolitafuta. Swali likiuliza msimamo wa mwandishi, unaandika: mwandishi ana msimamo wa kimapinduzi. Falsafa yake? Anaamini jamii ikiungana inaweza kujikomboa. Haijalishi kitabu ni kipi. Iwe tamthiliya ya ukimwi, iwe riwaya ya watoto wa mtaani, iwe diwani kutoka Zanzibar, mwandishi ni mwanamapinduzi na alama zinapatikana. Sasa mimi nasomea ualimu, na sisi tunaochukua Kiswahili ndio tutakaopelekwa mashuleni kuwapa wengine jibu hilo hilo. Ndiyo maana nimeona niandike kuhusu maneno matatu tunayokutana nayo kwenye kozi za fasihi: masimulizi, itikadi na mwingilianomatini.

Kwenye madesa yanayouzwa steshenari kila neno limewekwa kivyake, fasili juu, sifa chini kwa namba. Ukiyakariri hivyo test unafaulu, sikatai. Ila huwezi kuona kwamba yanafanya kazi pamoja, wala huwezi kuona yana faida gani ukishatoka chumba cha mtihani. Nitayaeleza kwa hadithi moja ambayo sisi wa Nyanda za Juu Kusini tumekua nayo, na ambayo chuo chetu kimebeba jina lake.

Hadithi yenyewe kwa ufupi kila mtu anaijua. Mtwa Mkwava, mwana wa Munyigumba, tarehe 17 Agosti 1891 aliwashinda Wajerumani pale Lugalo, na kamanda wao Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo, akauawa. Oktoba 1894 Wajerumani wakarudi na mizinga, wakaivunja ngome ya Kalenga. Mkwava akapigana kwa kujificha karibu miaka minne, na Julai 1898 akajiua kwa risasi kule Mlambalasi ili asikamatwe. Kichwa kikakatwa. Fuvu likarudishwa Kalenga tarehe 19 Juni 1954, na leo lipo pale kwenye makumbusho.

Hayo ni matukio. Masimulizi ni kitu kingine. Masimulizi ni pale mtu anapoamua aanzie wapi, aishie wapi, nani aonekane kwa karibu na nani apite kwa mbali kama kivuli. Matukio yanaweza kuwa yale yale kabisa na hadithi zikawa tofauti.

Ukipita barabara ya Iringa kwenda Morogoro, pale Lugalo kuna mnara ambao Wajerumani waliwajengea watu wao waliokufa. Huo mnara ni msimuliaji. Hadithi yake inaanzia siku jeshi liliposhambuliwa, na ukianzia hapo, wanajeshi wale ni watu waliovamiwa njiani. Swali la walikuwa wanafuata nini Uhehe halina mahali pa kuingilia, kwa sababu liko kabla ya mwanzo.

Waingereza nao walikuwa na mwanzo wao. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Mkataba wa Versailles wa 1919 uliweka kifungu namba 246, kinachoitaka Ujerumani iikabidhi serikali ya Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa. Kwenye kifungu hicho hicho kuna suala la kurudisha Kurani ya Khalifa Othman kwa mfalme wa Hijazi. Yaani mtu wetu wa Kalenga yuko kifungu kimoja na msahafu. Miaka zaidi ya thelathini ikapita. Hatimaye gavana Edward Twining akaenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen, akachagua fuvu miongoni mwa mafuvu mengi, akalileta na kumkabidhi Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mkwava. Ukiisimulia hivyo, mhalifu ni Mjerumani, Mwingereza ndiye mwokozi, na hadithi inaisha kwa sherehe. Lakini ebu tazama kalenda. Mwaka 1954 vita vya Mau Mau vilikuwa vinawaka Kenya. Siku kumi na nane baada ya sherehe ya Kalenga, tarehe 7 Julai, TANU ikazaliwa Dar es Salaam. Gavana aliyerudisha kichwa cha mpinzani wa wakoloni alikuwa bado anatawala nchi kama koloni. Hadithi yake ilihitaji kuishia pale pale, isisogee hata wiki tatu mbele.

Kisha likaja taifa huru na masimulizi yake: Mkwava ni mmoja wa wapinzani wa mwanzo, na mwisho wa hadithi unasukumwa mpaka 1961. Adam Sapi akawa Spika wa Bunge mwaka 1962, kwa hiyo ukitaka kumalizia vizuri, mwisho upo. Hii ndiyo tuliyofundishwa shule.

Lakini nenda Usangu, upande wa Mbeya. Kule Wahehe wa Munyigumba na Mkwava ni watu waliokuja kwa vita, wakamhamisha Merere kutoka Utengule. Merere alishirikiana na Wajerumani, na Wajerumani ndio waliomrudisha Utengule. Kwenye kitabu cha historia huyo anaandikwa kibaraka. Anzia hadithi miaka ishirini nyuma, na Merere anakuwa mtu aliyetafuta namna ya kurudi kwao. Sisemi alifanya vizuri. Nasema neno "kibaraka" linakaa vizuri kwenye hadithi inayoanza mwaka 1891, halikai vizuri kwenye ile inayoanza kabla ya hapo.

Nilipokwenda TP nilipangiwa Igowole, nyumbani kabisa, kwenye sekondari moja ambako Julai wanafunzi wanakaa darasani na masweta mawili mawili na ukungu unaingia mpaka mlangoni. Igowole Wahehe na Wabena wamechanganyika, na siku hizi wapo na wengine waliofuata chai na mbao. Niliwaambia kidato cha tatu wanisimulie Mkwava kwa sentensi tano tu. Wengi walianza na Lugalo. Wachache walianza na fuvu, kwa sababu waliwahi kupelekwa Kalenga. Kijana mmoja wa Kibena akasema, "Mwalimu, babu yangu anaanza na ng'ombe." Ng'ombe gani? "Waliochukuliwa." Darasa likacheka, na wenzake wa Kihehe wakamwambia arudishe basi. Utani wa kwetu huo. Lakini kwenye daftari langu niliandika kwamba huyu ndiye aliyenifundishia somo, tena kwa maneno matatu.

Sasa itikadi. Watu wengi tukisikia neno hili tunafikiria siasa: ujamaa, ubepari, vyama. Hiyo ni itikadi inayojitangaza, na hiyo ni rahisi kuiona. Iliyo ngumu ni ile ambayo msimuliaji haoni haja ya kuieleza, kwa kuwa kwake ni jambo la kawaida kama hewa. Mnara wa Lugalo hausemi popote kwamba Ujerumani ilikuwa na haki ya kutawala. Hauhitaji kusema. Hadithi imepangwa kwa namna ambayo haki hiyo tayari iko ndani. Kwa hiyo ukitaka kupata itikadi ya kitabu usitafute kwanza mhusika anayehutubia. Tafuta kisichoelezwa.

Hata tahajia inaweza kubeba mambo haya. Wahehe wanatamka Mkwava. Mjerumani aliyetaka kuiandika sauti hiyo alitumia herufi w, kwa sababu kwao w inasomwa v. Walipokuja wanaosoma w kama w, jina likawa Mkwawa, na hivyo ndivyo lilivyo kwenye mabango, vitabu na vyeti vyetu. Mugyabuso Mulokozi, mwandishi kutoka Kagera, mwaka 1979 alichapisha tamthiliya kuhusu mtwa huyu na akaiita Mukwava wa Uhehe. Angeweza kuandika Mkwawa kama kila mtu. Akachagua kulirudisha jina kwenye mdomo wa wenyewe. Hajatoa hotuba yoyote, bado hatujafungua ukurasa wa kwanza, na tayari kitabu kimeshajibu maandishi mengine yaliyotangulia.

Kujibu huko ndiko mwingilianomatini. Dhana kwa jina lake la kitaaluma inatokana na Julia Kristeva, mwanamke kutoka Bulgaria aliyekuwa Paris miaka ya 1960 akimsoma Mrusi Mikhail Bakhtin. Wahadhiri wanapenda tuwataje hao wawili na tuwataje. Ila Mswahili hakusubiri Paris. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki 1840, alikuwa akijibizana kwa mashairi na washairi wa Lamu wakati miji hiyo inapigana, na shairi la upande mmoja hulielewi bila la upande wa pili. Kurasa za mashairi kwenye magazeti yetu zimeishi kwa kujibizana hivyo hivyo. Kristeva anachoongeza ni kwamba hata matini isiyotangaza kwamba inajibu, inajibu. Hakuna anayeandika kwenye karatasi tupu kabisa.

Chukua Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka 1969. Mulokozi anaandika miaka kumi baadaye. Katikati hapo, mwaka 1976, Kenya wametoa tamthiliya ya Dedan Kimathi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo, ambayo kwa Kiswahili ikaitwa Mzalendo Kimathi. Yaani mtu aliyekaa chini mwishoni mwa miaka ya 1970 kuandika tamthiliya ya shujaa wa upinzani Afrika Mashariki, alikuwa na Kinjeketile chumbani, apende asipende. Hadhira nayo inakuja ukumbini na Kinjeketile kichwani. Inategemea kuona kiongozi, umoja, bunduki, kushindwa na tumaini. Mwandishi anaweza kuwapa, anaweza kuwanyima, lakini hawezi kujifanya hajui wanachosubiri.

Kinjeketile yenyewe inafaa kusomwa polepole kuliko tunavyoisoma. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 kwa Wamatumbi, na Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani mapema Agosti mwaka huo. Hussein, mzaliwa wa Lindi, kwenye utangulizi anatuonya mwenyewe kwamba Kinjeketile wake ni wa kubuni, asichukuliwe kuwa ndiye yule wa historia. Ndani ya mchezo, maji yanawaunganisha watu waliokuwa hawaaminiani. Hapo mwanafunzi anaandika "umoja" na kufunga kitabu. Lakini kuna jambo linalomtesa Kinjeketile: utabiri aliopewa unasema watu wake watakuwa watu wa Seyyid Said. Huyo ni Sultani wa Zanzibar aliyekufa 1856. Kinjeketile anagundua kwamba neno alilolitoa linawatoa watu mikononi mwa bwana mmoja na kuwakabidhi kwa mwingine, na wakati huo neno limeshamtoroka, liko kwa watu, halirudi. Weka hilo mwaka 1969, miaka mitano baada ya Mapinduzi ya Zanzibar na miwili baada ya Azimio la Arusha, halafu uniambie kama "msimamo wa kimapinduzi" unatosha. Mimi naona mchezo huu una wasiwasi mkubwa juu ya viongozi na maneno yao kuliko tunavyokubali darasani.

Na kuna jambo linalotuhusu sisi wa huku. Mwaka 1905 vita vilipopanda nyanda za juu, Wabena wa upande wa Njombe waliingia. Septemba misheni ya Yakobi ilishambuliwa. Wahehe kwa sehemu kubwa hawakunywa maji. Wako waliopigana upande wa Mjerumani. Miaka saba tu ilikuwa imepita tangu Mkwava afe. Mchezo wa Hussein umewekwa kwa Wamatumbi na Warufiji, haukuwa na wajibu wa kufika Iringa, simlaumu. Tatizo ni sisi tunaoufundisha kama kwamba ndio historia ya nchi nzima, na kwa hiyo mtoto wa Igowole anajifunza kwamba "Watanganyika waliungana", wakati nyumbani kwake kuna bibi wa upande mmoja na babu wa upande mwingine ambao wazee wao hawakuwa safu moja mwaka ule. Hadithi ya Mkwava na hadithi ya Maji Maji zote tunaziita upinzani. Ukiziweka meza moja, zinaulizana maswali magumu.

Tafsiri nazo zimo kwenye mchezo huu. Mwalimu Nyerere alipotafsiri The Merchant of Venice ya Shakespeare, mwaka 1969 huo huo, hakuandika wafanyabiashara. Aliandika Mabepari wa Venisi. Bepari ni neno lililotufikia kutoka India kwa njia ya biashara ya bahari, na zamani lilimaanisha mfanyabiashara tu. Baada ya Azimio la Arusha lilikuwa na katuni yake kabisa: tumbo kubwa na sigara. Neno moja la kwenye jalada limeihamisha Venice ikawa jirani ya siasa yetu.

Mfano ninaoupenda zaidi, hata hivyo, ni Takadini. Riwaya hii ya Ben Hanson imekuwa kwenye orodha ya vitabu vya sekondari kwa miaka mingi. Mambo yake yanatokea kwa Washona, nchi ya Zimbabwe ya leo, zamani kabla ya ukoloni. Sekai, aliyekaa muda mrefu bila mtoto, anajifungua mtoto mwenye ualbino. Mila inataka mtoto afe. Sekai anambeba na kutoroka usiku. Jina Takadini kwa Kishona ni swali: tumefanya nini?

Kitabu kimevuka mipaka kikafika Igowole, na kilipofika kilikuta maandishi mengine yanasubiri. Kuanzia mwaka 2007 na 2008 magazeti na redio zetu zilijaa habari za watu wenye ualbino kuuawa, hasa Kanda ya Ziwa. Hakuna Mtanzania anayesoma Takadini bila habari hizo kichwani. Huo nao ni mwingilianomatini, ila safari hii anayeuleta ni msomaji. Mwanafunzi akiulizwa dhamira anaandika haraka: mwandishi anapiga vita mila potofu.

Hapa ndipo naomba tutulie. Ndani ya riwaya, anayetaka mtoto afe ni mila, na mila ni wazee, ni kijiji, ni zamani. Mauaji ya kwetu hayakuwa hivyo. Viungo vilitafutwa kwa sababu kuna mtu aliambiwa na mganga kwamba atatajirika, na kuna mtu wa katikati aliyelipwa. Hiyo ni biashara, tena ya watu wanaotumia simu na magari. Tukiziweka hadithi mbili moja juu ya nyingine na kusema "mila potofu", tunachukua kosa la mtu anayeishi leo na kumtwisha bibi aliyekufa zamani. Mnunuzi anatoka ndani ya hadithi bila kuguswa. Sidhani Hanson alikusudia hivyo, na kitabu chake kimewafanya watoto wengi wamwone Takadini kama mtu, ambalo si jambo dogo. Lakini itikadi haisubiri kusudi la mwandishi. Inaweza kuingia kupitia kwetu wasomaji, kwenye yale tunayoyaunganisha haraka haraka.

Nilimweleza mwalimu mlezi wangu pale shuleni kwamba nataka kufundisha Takadini kwa njia hii. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Sawa mwalimu, Jumanne wafundishe hivyo. Alhamisi wafundishe majibu ya NECTA." Nilicheka, ila nimelifikiria sana neno lake, na siwezi kusema amekosea. Mtoto wa mkulima wa viazi anahitaji alama zile ili afike kidato cha tano. Anayesahihisha ana mitihani mamia mbele yake na mwongozo wa kusahihishia pembeni. Kinachonisumbua ni kwamba ratiba ina vipindi vichache, na shule nyingi Jumanne hiyo haipo; kila siku ni Alhamisi.

Zoezi nililowapa Jumanne lilikuwa swali moja tu la alama tano: katika Takadini, taja mtu mmoja ambaye hadithi haikumpa nafasi ya kusema, na ueleze kwa nini. Wengine waliandika kuhusu baba, wengine kuhusu wake wenza. Binti mmoja anayekaa karibu na dirisha, ambaye kwa wiki tatu sikuwahi kumsikia akinyoosha mkono, aliandika kwamba ni mtu ambaye angemnunua Takadini, kwa sababu kitabuni hayupo na redioni yupo lakini hatajwi jina. Nilimpa nne. Moja niliizuia kwa sababu swali lilitaka mfano kutoka ukurasa fulani na yeye hakutoa, na kesho yake alinifuata ofisini na kitabu mkononi kuniuliza atawezaje kutoa ukurasa wa mtu ambaye hayupo.